Kujitolea, Sanaa na Mtoto: Kutoka Kukariri hadi Kusema katika Elimu ya Tanzania

Utangulizi

Historia ya elimu nchini Tanzania tangu uhuru imeandikwa zaidi kwa kufuata sera, maazimio na takwimu za uandikishaji. Upande mmoja wa historia hiyo haujapewa nafasi inayostahili. Huo ni upande wa watu waliotoa muda wao bila mshahara, au kwa posho ndogo, ili mtoto asiye na uwezo apate elimu, na ambao walitumia sanaa kuwa nyenzo ya kazi hiyo. Walikuwamo washairi, walimu wa vijijini, wahadhiri wa sanaa za maonyesho, wanafunzi wao, na wakati mwingine watoto wenyewe.

Mhadhara huu unafuatilia historia hiyo kwa njia ya lugha. Hoja kuu ni kwamba swali la nani anasaidia limekuwa jepesi kuliko swali la nani anasema. Katika kipindi cha takriban miaka 50, sanaa iliyotumika katika elimu ya mtoto ilibadilika kutoka sanaa iliyomtia mtoto maneno kinywani hadi sanaa iliyomwachia mtoto ayatafute maneno yake. Mabadiliko hayo hayakuwa ya kisanaa tu. Yaligusa jambo zito, hususan hatima ya msichana aliyefukuzwa shule kwa sababu ya ujauzito.

Dhana ya kujitolea

Ni vema kuanza na neno lenyewe. Kujitolea limetokana na kitenzi toa. Kitenzi hicho kimepewa kiambishi -ji- cha kujirejea pamoja na kiambishi cha kutendea, na hapo sauti ya l ambayo haisikiki katika toa hujitokeza tena: ku-ji-to-le-a. Bila kiambishi cha kutendea neno huwa kujitoa, na maana yake hubadilika. Mtu hujitoa katika chama, hujitoa katika shauri, au hujitoa mhanga. Kinachotofautisha kujitoa na kujitolea, basi, ni kuwapo kwa jambo au mtu ambaye kwa ajili yake tendo linatendeka.

Hata hivyo, katika matumizi ya kawaida mtu huyo hatajwi. Sentensi kama "Mwalimu amejitolea" imekamilika kisarufi. Mtendaji anaonekana mara mbili, kwa kiambishi cha nafsi na kwa -ji-, ilhali mtendewa haonekani hata mara moja. Lugha yenyewe, bila kukusudia, imeweka wazi udhaifu wa siku nyingi wa kazi za hisani: anayetoa hujulikana kwa jina, na anayepewa hubaki nyuma ya pazia.

Kabla ya neno hili kushika nafasi rasmi, jamii za Afrika Mashariki zilikuwa na maneno mengine ya kazi ya pamoja. Upareni na Usambaa ulikuwapo msaragambo, na Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 neno harambee lilifanywa wito wa taifa. Maneno hayo yanahusu kazi ambayo kila anayeshiriki hunufaika nayo. Leo hulimwa shamba la huyu, kesho la yule. Kujitolea ni tofauti. Neno hili linachukulia kwamba yupo aliye nacho na yupo asiye nacho.

Katika sera za Tanzania baada ya mwaka 1967 lilitokea neno jingine lenye umbo linalofanana nalo, yaani kujitegemea. Azimio la Arusha lilitangazwa mwezi Februari 1967, na mwezi Machi mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akatoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Maneno haya mawili yalihubiriwa pamoja ingawa yanavutana. Anayejitegemea hahitaji mtu wa kumjitolea, na anayejitolewa kila siku hawezi kusemwa kuwa anajitegemea. Mvutano huo ndio uliokuwa ukitatuliwa, kwa namna mbalimbali, katika kazi za sanaa zitakazojadiliwa hapa.

Ikumbukwe pia kwamba kujitolea kwa hiari na kujitolea kwa amri havikuwa vitu vilivyotenganishwa vizuri. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu jijini Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, likiwamo sharti la kukatwa sehemu kubwa ya mapato yao. Zaidi ya wanafunzi 300 walirudishwa makwao, na Rais Nyerere akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tukio hilo lilikuwa fundisho la taifa zima: msomi aliyesomeshwa kwa kodi ya mkulima alikuwa na deni. Kuanzia hapo, kujitolea kulianza kusikika kama ulipaji wa deni kuliko hisani.

Mtoto katika ngonjera

Sanaa ya kwanza kuingia shuleni kwa nguvu baada ya Azimio ilikuwa ngonjera. Muasisi wake, Mathias Mnyampala (1917–1969), alikuwa mshairi na mwanasheria kutoka Ugogoni. Nyerere alipowataka washairi waeneze siasa ya Ujamaa kwa fani yao, chama chao cha UKUTA kiliitikia, na mikusanyo ya Ngonjera za UKUTA ikatolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya Mnyampala kufariki. Umbo la ngonjera lilifaa sana. Ni majibizano ya kishairi ambamo mmoja hajui au anapinga, na mwingine anajua na anaeleza, hadi asiyejua anakubali. Halihitaji jukwaa, mavazi maalumu wala fedha. Mwalimu mmoja na watoto wawili wenye kumbukumbu nzuri walitosha.

Kwa sababu hiyo ngonjera ilienea hadi shule ambazo hazikuwa na madawati. Watoto wa wakulima walisimama mbele ya viongozi na wazazi wakatamka beti ndefu bila kukosea. Ni vigumu kupuuza faida yake. Mtoto aliyezoea kunyamaza mbele ya watu wazima alipewa nafasi ya kusimama na kusikilizwa, na kwa wengi Kiswahili fasaha kiliingia kichwani kwa njia ya vina na mizani kabla ya kuingia kwa njia ya kitabu cha sarufi.

Hata hivyo, maneno hayakuwa yake. Aliyetunga alikuwa mtu mzima, na mwisho wa majibizano ulijulikana kabla hayajaanza. Asiyejua hakuruhusiwa kuwa na hoja nzuri kuliko anayejua. Katika ngonjera mtoto alikuwa sauti, hakuwa msemaji. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameilaumu ngonjera kwa wepesi wa kisanaa. Pengine lawama iliyo nzito zaidi ni hii ya pili, kwamba ilimfundisha mtoto kutamka kwa ujasiri mambo ambayo hakuulizwa.

Walimu wa kujitolea

Wakati huohuo kazi kubwa zaidi ya kujitolea ilikuwa ikiendelea katika elimu ya watu wazima. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Walimu wa shule za msingi hawakutosha, kwa hiyo waliitwa wahitimu wa darasa la saba, makarani, viongozi wa dini na wanakijiji wengine waliojua kusoma, wakafundisha jioni kwa posho ndogo. Kampeni za redio na vikundi vya kusikiliza zilifuata, mathalani Mtu ni Afya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 takwimu rasmi zilidai kwamba wasiojua kusoma na kuandika wamepungua hadi takriban asilimia 10.

Kwa mtoto, hatua iliyofuata ilikuwa Azimio la Musoma la mwezi Novemba 1974, lililotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977. Lengo hilo halikuweza kutimizwa kwa walimu waliopata mafunzo ya kawaida ya chuo. Vijana waliomaliza darasa la saba waliajiriwa kufundisha huku wakisomeshwa kazini, kwa masomo ya posta na redio. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 karibu watoto wote wa umri wa kwenda shule walikuwa wameandikishwa. Shule nyingi zilijengwa kwa nguvu za wanavijiji waliofyatua matofali na kubeba maji.

Mafanikio hayo hayakudumu. Uchumi ulidorora, na baada ya mwaka 1986 Serikali ilifuata masharti ya kurekebisha uchumi, yakiwamo ya wazazi kuchangia gharama za elimu. Katika miaka ya 1990 uandikishaji ulishuka hadi takriban robo tatu. Msamiati nao ulibadilika. Palipokuwa na "mtoto wa taifa" palitokea "mtoto wa mitaani", na baadaye "watoto wanaoishi katika mazingira magumu" au "mazingira hatarishi". Nchini Kenya lilienea neno chokoraa, linalohusishwa na kitenzi chokora, yaani kuchimbua, kwa maana ya mtoto achimbuaye jalalani. Neno la zamani, yatima, lilieleza kilichompata mtoto, nalo liliambatana na wajibu wa kidini kwa jirani. Maneno mapya yalieleza mahali mtoto anapoonekana. Kubadilika huko kwa majina hakukuwa jambo dogo, kwani jina la mtu ndilo humwelekeza msaidizi mahali pa kuanzia.

Malya: kuuliza kabla ya kuigiza

Kati ya kilele cha miaka ya 1970 na mdororo wa miaka ya 1990 lilifanyika jaribio ambalo lilibadilisha mkondo wa sanaa za maonyesho. Miaka ya 1982 na 1983 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, katika eneo la Wasukuma mkoani Mwanza. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa. Walikwenda kuuliza. Katika mazungumzo hayo wanakijiji walitaja matatizo yao, na miongoni mwa yaliyojitokeza kwa uzito ni wasichana wa shule kupata mimba. Maonyesho yaliyotokana na uchunguzi huo yalitumia ngoma, nyimbo na maigizo yaliyojulikana pale kijijini, kisha watazamaji wakayajadili.

Wahadhiri hawa hawakubahatisha. Katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1983, Mlama alichunguza sanaa za maonyesho za jadi za Wakaguru kama asasi ya kufundishia. Uchunguzi huo ulikumbusha jambo ambalo shule ya kikoloni ililisahau, kwamba jando, unyago, ngano na vitendawili vilikuwa elimu yenye mbinu zake. Msimulizi anaposema "Paukwa!" hawezi kuendelea kabla hadhira haijajibu "Pakawa!" Msikilizaji ni sehemu ya hadithi tangu neno la kwanza. Mbinu iliyotumika Malya, ambayo Mlama aliieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1991, ilirudisha kanuni hiyo.

Suala lenyewe halikuwa geni kwa Mlama. Miaka kumi kabla ya Malya, mwaka 1972, alichapisha tamthilia yake ya Hatia kwa jina la Penina Muhando. Tamthilia hiyo inahusu msichana aliyepata mimba nje ya ndoa, na inauliza swali lililo katika jina lake. Tofauti ya kazi hizi mbili ni kubwa. Katika Hatia mwandishi anazungumza kwa niaba ya msichana. Katika Malya msichana na majirani zake walikuwa kwenye uwanja uleule, na baba ambaye kwa kawaida hangelijadili jambo hilo hadharani alilazimika kulisikia likijadiliwa.

Sanaa ya namna hii ina hatari zake, na historia ya jirani ilikuwa imekwisha kulionyesha hilo. Kule Kamirithu nchini Kenya, mwaka 1977, wanakijiji waliokuwa katika madarasa ya kisomo waliigiza mchezo wa Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Kibali cha maonyesho kilifutwa, Ngugi wa Thiong'o akawekwa kizuizini, na mwaka 1982 uwanja wa maonyesho uliojengwa kwa mikono ya kujitolea ukabomolewa. Aliyejitolea kufundisha kusoma hakutiliwa shaka. Shaka ilianza pale waliofundishwa walipoanza kusema.

Tuseme

Mwaka 1996 Lihamba na Mlama walianzisha mradi wa Tuseme katika shule chache za sekondari nchini Tanzania. Lengo lilikuwa kuwawezesha wasichana kueleza vikwazo vya elimu yao na kuvitafutia ufumbuzi. Utaratibu wake ulikuwa na hatua zinazofuatana. Wanafunzi wenyewe huchunguza matatizo shuleni mwao, huyachambua na kuyapanga kwa uzito, kisha hutunga igizo, ngoma, ngonjera au majigambo kuyahusu. Onyesho hufanyika mbele ya walimu, wazazi na viongozi. Baada ya onyesho hufuata mjadala, na baada ya mjadala makubaliano ya nini kifanyike. Klabu ya Tuseme hubaki shuleni ili kufuatilia, ikiwa na mwalimu mlezi ambaye mara nyingi hufanya kazi hiyo baada ya vipindi, bila nyongeza ya mshahara.

Yaliyosemwa hayakuwa mepesi. Wasichana walieleza kusumbuliwa kimapenzi, kazi nyingi za nyumbani, ukosefu wa mahitaji, woga wa kuuliza maswali darasani, na mimba. Ni rahisi kuwaza ugumu wa binti wa miaka 15 kuigiza, mbele ya walimu wake, nafasi ya mwalimu anayemsumbua mwanafunzi. Sanaa ilimpa kinga. Aliyekuwa akisema ni mhusika, si yeye, na mtu mzima aliyekasirika angekuwa amejitaja mwenyewe.

Suala la lugha lilikuwa na uzito wake hapa. Lugha rasmi ya kufundishia katika sekondari ni Kiingereza, na ukimya wa wanafunzi wengi darasani ni ukimya wa lugha kabla haujawa ukimya wa woga. Kwa mradi uliofanyika katika shule hizo kujiita Tuseme kulikuwa tamko. Na umbo la neno hilo linastahili kuangaliwa: tu-sem-e. Kiambishi tu- ni cha nafsi ya kwanza wingi, na -e ya mwisho ni ya dhamira tegemezi, yaani hali ya kutaka, kuhimiza au kuomba ruhusa. Neno hili linaweza kuwa wito kwa wenzao, "haya, tuseme". Linaweza pia kuwa swali kwa wakubwa: "Tuseme?" Likilinganishwa na kujitolea, nafasi zimegeuka. Mtendewa ambaye hakutajwa katika neno la kwanza ndiye mtendaji katika neno la pili.

Mradi huo baadaye ulichukuliwa na FAWE, jukwaa la wanawake Waafrika waelimishaji lenye makao yake Nairobi, ambalo Mlama alikuja kuwa Mkurugenzi Mtendaji wake, na ukaenezwa katika nchi nyingine za Afrika. Jina la Kiswahili lilisafiri nao hadi katika nchi ambako Kiswahili hakizungumzwi.

Aidha, juhudi nyingine ziliimarisha msingi huo. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, uliosaidia kuchapisha hadithi za Kiswahili na kuzifikisha shuleni, wakati ambapo shule nyingi hazikuwa na kitabu chochote cha ziada. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981, kilitoa wasanii ambao wengi wao waliendesha mafunzo ya ngoma na maigizo kwa vijana wa mitaani mwao. Mtoto anayetakiwa kusema anahitaji kwanza kuwa amesikia na kusoma maneno mengi.

Posho na matokeo

Haitakuwa haki kuieleza historia hii kama safari ya ushindi mtupu. Tangu miaka ya 1990 kazi nyingi za sanaa kwa watoto zimetegemea fedha za wafadhili, na mfadhili huja na mada yake na muda wake. Vikundi vya vijana vilijifunza kutunga igizo la UKIMWI panapokuwa na fedha za UKIMWI, na igizo la mazingira fedha zinapohamia huko. Hapo ngonjera ilirudi kwa mlango wa nyuma. Maneno yalikuwa mapya, lakini mwisho wa majibizano ulikuwa tena umeamuliwa kwingine. Neno kujitolea nalo lilipata maana ya tatu, yaani ajira ya muda yenye posho, kituo cha kupitia kijana anayesubiri kazi. Hakuna aibu katika posho, kwa kuwa msanii naye hula. Tatizo huanza pale ambapo mradi unakwisha na mtoto aliyefundishwa kusema anabaki bila wa kumsikiliza.

Suala la msichana mjamzito linatoa kipimo kizuri. Baada ya Hatia, Malya na Tuseme, kanuni za mwaka 2002 bado ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili, na kwa tafsiri hiyo wasichana wajawazito waliendelea kuondolewa shuleni. Mwezi Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba wasichana waliozaa hawatarudi katika shule za Serikali. Ilikuwa mwezi Novemba 2021 ndipo Serikali, kwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo, iliporuhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwamo, kurejea katika mfumo rasmi. Kati ya Hatia na waraka huo ni miaka 49.

Haiwezi kudaiwa kwamba sanaa ndiyo iliyoleta waraka. Watetezi wa haki, wanasheria, walimu na mashirika walikuwa na sehemu yao, na mabadiliko ya uongozi wa nchi yalikuwa na sehemu yake. Linaloweza kusemwa ni dogo zaidi, nalo ni la hakika. Kwa karibu nusu karne, sanaa ilizuia jambo hili lisigeuke siri ya familia. Kila kizazi cha wanafunzi kilichoigiza habari ya binti aliyefukuzwa kiliirudisha kesi yake mbele ya hadhira, na kikauliza tena swali la mwaka 1972 kuhusu hatia ni ya nani.

Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha hatua tatu. Katika ngonjera, mtu mzima alijitolea maneno na mtoto akayakariri. Katika Malya, wasomi walijitolea masikio, na jamii ikatunga. Katika Tuseme, mtoto mwenyewe alichunguza, akatunga na akasema, na mwalimu akajitolea kazi ngumu kuliko zote, yaani kukaa kimya na kusikiliza jambo linalomhusu.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili kazi iliyobaki ni kubwa. Maigizo mengi ya klabu za shule hayakuandikwa. Yalitungwa kwa mdomo, yakachezwa mara moja au mbili, yakatoweka pamoja na darasa lililoyatunga. Yakikusanywa kutoka kwa walimu walezi na wahitimu ambao wangali hai, yataonyesha aina ya Kiswahili ambayo haipatikani katika tamthilia zilizochapishwa, Kiswahili cha mtoto anayetafuta namna ya kumwambia mkubwa ukweli bila kumvunjia heshima. Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Watoto hawa hawakuwa wameishi kwingi, lakini walikuwa wameona, na palikuwapo watu waliojitolea kuwasikiliza.